Niliagiza testibedi nikaulizwa ni ya futi ngapi: rivyu ya karakana moja hapa Kibuye, Kisumu

Wacha nianze na hii ndio mjue tunaongea kuhusu karakana ya aina gani. Nilifika Kibuye Jumatano asubuhi, nikapita watu wa masufuria na majiko, nikafika kwa jamaa mmoja nilikuwa nimeelekezwa, nikamwambia fundi nataka unitengenezee testibedi. Akazima grainda, akanitazama juu chini, akauliza, "Omera, tano kwa sita ama nne kwa sita?" Kazi yake kubwa ni vitanda vya chuma, zile dabodeka za shule za bodi, na mageti, na kazi ikikauka anachomelea watu toroli. Kwake bedi ni bedi. Nikamwambia hapana fundi, hii hakuna mtu atailalia, hii ni ya kutikisa nyumba. Hapo ndio akaweka grainda chini kabisa na kuvuta stuli.

Rivyu ni ndefu, najua, lakini venye mimi nilitafuta mtu wa kutengeneza hivi vitu hapa Kisumu sikupata hata sentensi moja ya kunisaidia, kwa hivyo wewe mwenye uko na projekti kama yetu chukua chai usome pole pole. Kama unatafuta bei tu, ziko karibu na mwisho.

Kwa wenye hawako kwa hii fani, testibedi ni kifaa ama mahali penye unaruhusu kitu kivunjike ukiwa umesimama kando na kalamu mkononi, badala ya kivunjike na watu wakiwa ndani. Sisi tuko watatu, mwaka wa mwisho, sivil, chuo nitakiacha bila jina. Projekti ilikuwa na vichwa viwili, meza ya kutikisa ya kuonyesha jengo linaumia wapi tetemeko likija, na mfereji wa maji wa kuonyesha tuta la mto linakatikaje. Najua kuna mtu atasema ati Kenya hakuna tetemeko. Nenda Subukia hapo juu ya Nakuru uulize, tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 lilipasua ardhi huko, na hata hapa ng'ambo ya ziwa, Bukoba, 10 Septemba 2016, 5.9 tu lakini nyumba zilianguka na watu wakafa. Mafuriko sina haja ya kueleza, mtu wa Ahero ama wa Budalangi ndio anafaa kunifundisha mimi.

Supavaiza alituuliza kwanza, mbona msitumie kompyuta tu? Ni swali la haki. Kule Marekani kuna mfumo unaitwa IN-CORE, umejengwa na kituo kinachoongozwa na Colorado State University kwa pesa za NIST, ile taasisi ya serikali yao ya viwango na vipimo, kituo kilianza 2015, na programu yenyewe ni ya bure. Ndani yake kuna miji mizima ya kujaribia. Kuna Centerville, mji wa watu kama 50,000 wenye hauko kwa ramani yoyote, wameutunga wenyewe na barabara zake na stima na mashule. Kuna Seaside ya Oregon, huo ni mji wa kweli kando ya bahari, wanaupiga tetemeko halafu tsunami juu yake. Kuna Joplin ya Missouri, ule ulisombwa na tonado tarehe 22 Mei 2011, watu zaidi ya 150 wakafa. Sasa kitu kilinishika mimi hapo si hesabu zenyewe, ni ile akili ya kwamba wote wanarudi kwa mji uleule. Mtu wa stima anajaribu Centerville, mtu wa maji Centerville, mtu wa uchumi anayetaka kujua familia ngapi zitahama, Centerville, kwa hivyo majibu yakitofautiana wanajua tofauti imetoka kwa njia zao za kupiga hesabu, haijatoka kwa mji. Shika hiyo, nitairudia kwa sababu ndio ilinifanya nikagombana na fundi.

Lakini ili uingize Nyalenda ama Kano za hapa Kisumu ndani ya kitu kama hicho, unahitaji kujua kila jengo, ukuta ni wa nini, msingi umeinuka kiasi gani, paa imefungwa na nini. Picha za kutoka juu ziko, Google walitoa ile Open Buildings yao 2021 na Afrika ndio walianza nayo, unaona umbo la nyumba moja moja. Shida ni kwamba mabati juu ya nyumba ya matope na mabati juu ya nyumba ya mawe, ukiangalia kutoka juu, ni mapacha. Ingebidi tutembee mlango kwa mlango na tulikuwa na miezi minne na nauli ya kuhesabu. Ndio tukaenda Kibuye.

Sasa meza.

Tulimwonyesha fundi vidio ya E-Defense pale Miki, Japani, ile meza ya mita 20 kwa 15 wenye walifungua 2005, miaka kumi baada ya Kobe kubomoka, inabeba jengo la tani 1,200 na kulitikisa kila upande. Aliangalia mara mbili bila kusema neno. Halafu akauliza, "Na yenu itabeba ngapi?" Kilo tano. Alicheka mpaka kijana wake mwenye alikuwa anachomelea akainua ile miwani kuona kuna nini. Halafu, na hapa ndio nilianza kumpenda, akaacha kucheka akauliza swali ambalo sisi tulikuwa hatujajiuliza: "Itikisike kwenda wapi, mbele na nyuma tu, ama na pande?" Mbele na nyuma tu fundi, pesa haiko. "Sawa basi."

Alichora na chaki sakafuni. Hatoi drowingi ya karatasi, ujue hivyo mapema, na akichorewa na wewe anaitazama kwa heshima halafu anaikanyaga. Fremu ya anglaini, juu plaiwudi ya milimita 18 yenye upana wa sentimita 60 kwa 45, chini inateleza kwa reli za droo, zile za makabati ya jikoni. Mota ni ya vaipa, alitoa kwa Probox iliyokufa, inakula volti 12 kutoka kwa powa saplai ya kompyuta kuukuu, na kwa shafti amechomelea kikono kifupi cha sentimita moja kutoka katikati, kwa hivyo meza inaenda sentimita moja huku na sentimita moja huku. Ilikuwa inapendeza, hata aliipaka rangi ya fedha, ile anapaka mageti.

Tukawasha. Ikaenda kama mtu anabembeleza mtoto. Tulikuwa tumeibandika simu juu na selotepu, tunatumia phyphox, hiyo ni programu ya bure ya simu kutoka chuo cha Aachen huko Ujerumani, inasoma mshtuko na kuchora grafu, na grafu ilikuwa karibu imelala. Hesabu yake ni rahisi. Mota ya vaipa inazunguka kama mara moja kwa sekunde, na kwa sentimita moja nguvu inayosukuma kitu ni asilimia nne tu ya uzito wake. Kijumba chetu hakikushtuka hata kidogo. Mimi nilikuwa nishaanza kuhuzunika lakini fundi akasikia tu nikisema "spidi iende mara tatu," akaingia nyuma, akarudi na mifupa ya baiskeli. Gia kubwa ya meno 48 kwa mota, ndogo ya meno 16 kwa kikono, cheni katikati. Mara tatu kamili. Na uzuri wa hii kitu ni kwamba ukiongeza spidi mara tatu mshtuko hauongezeki mara tatu, unaongezeka mara tisa, kwa hivyo kutoka asilimia nne tukaruka hadi thelathini na sita. Hapo sasa ni tetemeko la kubomoa.

Lakini ngoja. Ilitikisika, ndio, kwa kelele na vumbi, majirani wote wakaja, wauza viatu wakaacha viatu. Fundi akaniangalia kama mtu amemaliza kazi. Mimi nikaangalia simu, na vilele vya grafu vilikuwa kama meno ya mtoto wa miaka saba, hiki kirefu, hiki kifupi, hapa pengo. Nikawasha tena, meno mengine tofauti kabisa. Nikamwambia fundi hii haifai. Akasema, "Injinia, si ulitaka itikisike? Inatikisika." Nikasema nataka itikisike leo vile ilitikisika jana. Akasema tetemeko lenyewe kwani huwa linarudi vilevile? Na bana, kwa hiyo alinishinda kwa mdomo, wale majirani wote walicheka.

Nilikaa chini nikamweleza pole pole. Fundi, nikileta nyumba mbili, moja nimeifunga waya za kukaza na nyingine sijafunga, nikatikisa ya kwanza ikasimama, nikatikisa ya pili ikaanguka, nitajuaje ni waya zimesaidia ama ni meza yako ilikuwa mpole ile mara ya kwanza? Akanyamaza. Akainama, akazungusha ile gia ndogo kwa mkono. Mbele ikashika. Nyuma ikalia trrrr.

Ilikuwa ni friwili. Alikuwa ametoa gia ya gurudumu la nyuma pamoja na ile kitu ndani yake inakuwezesha kuacha kukanyaga pedo baiskeli ikiteremka. Sasa meza ikiwa inapunguza mwendo kule mwisho, uzito wake unasukuma kikono kimbele, friwili inaachilia, trrr, halafu mota inafika kwa nguvu na kuipiga teke. Kila mzunguko teke lake. Fundi hakubishana tena, alitoa, akaipiga weldi sehemu mbili ndio isiachilie, akaongeza kigurudumu cha kukaza cheni, akabadilisha zile reli za droo akaweka shafti mbili laini na beringi kwa sababu hata reli zilikuwa zinacheza. Hakuniitisha shilingi ya hiyo kazi, alilipisha beringi peke yake. Alisema, "Hiyo nilisikia ile sauti nikanyamaza, hiyo ni yangu." Ni mafundi wangapi watakwambia hivyo? Tukawasha mara tano, vilele vikapangana kama askari, simu ikasoma karibu na vile hesabu ilisema.

Kama utachukua kitu kimoja kutoka kwa hii rivyu ni hicho, ukienda kwa fundi yeyote usimwambie nataka meza ya kutikisa, mwambie nataka meza ya kurudia. Hata matatu ya Kondele inatikisika.

Kitu haiwezi, ili usije ukanilaumu. Haiwezi kucheza tetemeko la kweli, kama ile rekodi ya tetemeko la El Centro, California, la 1940 wenye kila mwanafunzi wa sivil amesoma, kwa sababu kikono kinazunguka kwa mpangilio mmoja na tetemeko la kweli ni vurugu. Haiwezi kwenda pande. Ile ya San Diego wenye mwaka wa 2023 waliweka jengo la mbao la ghorofa kumi juu yake inaenda kila pembe, na hiyo si ya Kibuye. Pia nati zinalegea, kila mara kumi hivi unapita na spana.

Ila kwa darasa inatosha na inabaki. Tulitengeneza ghorofa tatu, sakafu za plaiwudi, nguzo ni bleidi za haksoo, juu tukafunga waya za msalaba ghorofa ya kwanza na ya pili, chini tukaacha wazi na nguzo ndefu kidogo. Kama zile fleti zetu zote, chini maduka na milango ya shata, juu vyumba vya kupangisha vimejaa kuta. Ukianza pole inatulia. Kabla haijafika mizunguko miwili kwa sekunde, zile za juu zinaenda kama sanduku moja, hazijikunji hata, na ile ya chini inalala kushoto inalala kulia mpaka unaona bleidi zimepinda kama upinde. Mama mmoja wa mitumba aliangalia, akauliza, "Kwa hivyo wenye duka ndio wanaangukiwa?" Ndio mama. "Na wapangaji wa juu wanawakalia." Hiyo ndio inaitwa ghorofa laini, ya chini kuwa dhaifu kuliko za juu, na sijawahi kusikia supavaiza akiieleza vizuri hivyo. Tulifanya pia jaribio la mchanga juu ya meza, la dakika mbili tu, ndoo ya mchanga wa ziwa, maji yakajaa mpaka karibu juu, kipande cha tofali kikasimama wima, ukitikisa mchanga unageuka uji na tofali linazama mpaka shingo. Watoto walitaka lirudiwe mpaka giza.

Mfereji ndio uliniumiza roho zaidi na ndio nakosesha huyu fundi nyota moja.

Muundo ulikuwa mzuri. Mita 2.4 kwa urefu kwa sababu hiyo ndio urefu wa plaiwudi, upana sentimita 30, kina 40, upande mmoja kioo ndio uone tuta likikatika kutoka ubavuni. Alisema wiki moja. Ikawa kesho, ikawa stima imepotea mtaa mzima, ikawa fundi ameenda matanga Siaya, na matanga huwezi kumkasirikia mtu, lakini kijana alibaki na funguo na hakuna chenye alifanya. Wiki ya nne ndio tuliitwa. Tukafika, kioo kimewekwa silikoni asubuhi hiyohiyo, na fundi kwa sababu alikuwa anaona aibu ya kuchelewa akajaza maji mchana. Silikoni inataka siku nzima ikauke, hata kwa mkebe imeandikwa. Maji yalitoka kwa kona yote yakaingia kwa magunia ya jirani anayeuza omena. Omena zilizokaushwa, jameni, zikalowa tena. Tulichanga tukamlipa mama wa watu, fundi nusu, sisi nusu. Pia kingo za anglaini hakuzipiga fili, mwenzangu akakatwa kidole, kwa hivyo beba fili yako.

Lakini baada ya hapo alitatua kitu kimoja wenye sisi watatu na madaftari yetu tulishindwa. Pampu yetu ni ya nusu hosipawa, na stima ya pale volti zinapanda na kushuka kama homa, mtu akiwasha weldi maji yanapungua, akizima yanafurika. Sasa utapimaje tuta na mto unabadilika kila dakika? Ni yaleyale ya friwili, nikamwambia, haijirudii. Na safari hii sikuhitaji kueleza. Alikuna kichwa, akasema, "Si tuweke kama tangi ya choo." Akainua mtungi wa lita mia juu ya stendi, pampu inajaza mtungi, ubavuni karibu na juu akatoboa na kuweka paipu nene ya kumwaga ziada irudi chini, na huku chini paipu nyembamba ndio inaingia mfereji. Pampu ifanye wazimu wake wote, maji kwa mtungi hayapiti ule mdomo, na yakikaa kimo kimoja yanatoka kwa nguvu moja. Tukapima na ndoo ya lita 10, sekunde 25. Tukapima watu wa weldi wakiwa kazini, sekunde 25. Kwa vitabu hiyo inaitwa tangi ya kimo kisichobadilika na tulikuwa tumeisoma mwaka wa pili, tukafaulu mtihani, na hakuna mmoja wetu aliikumbuka.

Udongo tulitumia wa aina mbili. Mwenzetu mmoja ni wa Bunyala, akaleta gunia kutoka kwao karibu na mto Nzoia, kondakta akamlipisha gunia kama abiria na likakalishwa kiti. Kwao Mei 2020 mto ulikata tuta, na mwezi huohuo ziwa lenyewe lilikuwa limepanda mpaka likapita rekodi ya 1964, kwa hivyo maji ya mto yalifika chini yakakosa pa kwenda. Tulijenga tuta la sentimita 10, ukichukua kipimo cha moja kwa ishirini na tano hiyo ni mita mbili na nusu, na kwa hicho kipimo dakika moja ya maji kwa mfereji ni kama dakika tano mtoni. Sema punje za udongo hazikukubali kupungua mara 25, kwa hivyo hiyo saa usiiamini sana kwa mmomonyoko. Tulipanga udongo kwa safu na kila safu tukaipiga mapigo 25 na mkebe uliojazwa zege, kama jaribio la Proctor, lile la maabara la kushindilia udongo, ndio tuta la leo liwe ndugu wa tuta la jana.

Kupitia kwa kioo unaona kitu ambacho ukisimama juu ya tuta huwezi kuona. Maji yanapita juu, kwanza hakuna kitu, unafikiria limeshinda. Upande wa mto uko salama kabisa. Ni upande wa nyumba, upande mkavu, ndio unaanza kulika, kishimo kidogo pale chini, kinakuwa kingazi, kingazi kinapanda kurudi nyuma, kinarudi, kinarudi, na muda huu wote juu ya tuta panaonekana pako sawa na mtu angeendelea kupitisha ng'ombe hapo. Kingazi kikishagusa upande wa mto, kwisha. Ile sehemu ya mwisho ilichukua muda mfupi kuliko kuimaliza hii sentensi. Yule wa Bunyala hakusema kitu, alirudisha udongo kwa ndoo akaanza kupanga tena. Mtu wa Nakuru naye akisikia bwawa la udongo anakumbuka Solai, bwawa lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 wakafa, na sikuhitaji kuongeza chumvi kwa ripoti.

Udongo wa pili ni ule mweusi wa Kano, na huu ndio ulinishangaza. Ukiwa mbichi ulikataa kulika, maji yalipita juu tukachoka kungoja. Basi tukaliacha tuta kwa jua la Kisumu siku tatu. Likapasuka nyufa za kuingiza kidole. Tukafungua maji na hayakusubiri hata kufika juu, yalipita ndani ya nyufa, yakatokea upande wa pili kama bomba. Kwa hivyo tuta hilohilo, udongo huohuo, kilichobadilika ni kwamba kiangazi kilitangulia mvua. Tulirudia mara nne kwa sababu hatukuamini, na tuliweza kurudia kwa sababu ya mtungi wa choo.

Bei sasa. Meza ilisimama 11,500, ndani yake beringi na ile powa saplai. Mfereji 19,000 na kioo, pampu tulileta wenyewe. Anataka nusu kwanza, M-Pesa, na usimpe yote, si kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu akishalipwa yote wewe unakuwa wa mwisho kwa foleni nyuma ya mageti. Duka moja la vifaa vya maabara lilinipa kwotesheni ya meza ya kuagiza kutoka nje, nilidhani wameandika namba ya simu. Risiti anayotoa ni ya mkono, na ofisi ya fedha ya chuo iliikataa mara mbili mpaka supavaiza akaenda mwenyewe, kwa hivyo panga hiyo vita mapema.

Nyota nne. Mkono wake ni safi, weldi zake hazina mapovu, anasikia akielezwa na anakubali kosa. Ile moja imezama na omena. Usiende Jumapili, soko limejaa mpaka barabarani na hutapata pa kusimamisha mkokoteni, na ukienda siku nyingine fika kabla ya saa nne stima ikiwa bado iko.

Mfereji tuliubeba. Meza bado iko pale kwake kwa wiki mbili sasa, tunangoja gari ya chuo, na juzi nimepita nikakuta ameweka stuli ya chuma juu yake inatikisika kwa spidi ya mwisho, mteja amesimama amefunga mikono, fundi anamwambia hii weldi imepita tetemeko la Japani. Nikamwambia fundi, hiyo si ya Japani. Akasema, "Injinia, si ni ileile kila siku? Ndio ulitaka."